Mkono wa Profesa

Mwongozo wa Mwanafunzi wa Uzamili kwa Njia ya Mtandao, katika kifungu chake cha kwanza, unatamka kwamba kila kazi inayowasilishwa sharti iwe zao la akili ya mwanafunzi mwenyewe. Kwamba chuo kinathamini ukweli kuliko alama. Na kwamba mwanafunzi anayesema kweli hana sababu ya kuogopa chochote. Kifungu hicho kimezungushiwa fremu ya buluu. Ili kuingia darasani, mwanafunzi hubofya chini yake, palipoandikwa Nimesoma na Nimeelewa. Hakuna pa kubofya kwa aliyesoma tu.

Mpima maji wa mji aliusoma mwongozo wote, tangu jalada hadi viambatisho, kwa kuwa kazi yake ilikuwa imemzoesha kusoma maandishi madogo ya nyuma ya chupa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono mikavu na pua isiyodanganyika. Asubuhi alizunguka na sanduku la chupa za sampuli, akafungua bomba la shule, bomba la hospitali, bomba la nyuma ya machinjio. Kwanza aliuunguza mdomo wa bomba kwa moto, ili maji ya ndani yasije yakasingiziwa uchafu wa nje. Kisha akakinga, akatia kidonge, akasubiri maji yageuke rangi ya waridi. Yakikolea, klorini imo. Yakibaki meupe, ana habari mbaya ya kumpelekea mtu. Mtaani walimwita Bi Klorini. Akialikwa mahali na kupewa maji ya kunywa aliyanusa kwanza, bila kujijua, na zipo nyumba ambazo hazikumwalika tena.

Mkuu wa maabara alikuwa anakaribia kustaafu. Kila alipokwenda likizo, Bi Klorini ndiye aliyekalia kiti chake, akatia saini vyeti vyake na kugombana na wahasibu wake. Ofisi nzima ilijua kiti kile ni cha nani. Asiyejua lilikuwa tangazo la kazi, ambalo lilidai shahada ya uzamili na halikuwa na mtu wa kulinong'oneza. Ndipo akajiandikisha katika chuo ambacho hakuna aliyewahi kukitia machoni, chenye majengo mazuri mno kwenye skrini na vijana wanaocheka juani wamekumbatia vitabu. Darasani hakumwona hata mmoja wao. Aliowaona walikuwa watu wazima kama yeye, kila mmoja ndani ya kidirisha chake, amechoka, nyuma yake kabati.

Matarajio ya chuo kwa mwanafunzi yalikuwa mengi na yote yalikuwa ya haki. Kamera iwe wazi. Mwanga utoke mbele. Mtu asile. Katika ukumbi wa majadiliano, kila wiki mwanafunzi aandike hoja yake, kisha awajibu wenzake wawili, na jibu lisiwe "nakubaliana nawe" tupu. Sharti liongeze, lihoji au lipinge. Bi Klorini aliianza hoja yake ya kwanza kama binadamu: aliwasalimu wote, akatumaini wanaendelea vizuri wao na familia zao, akawaombea nafuu walioamka na homa, ndipo akaingia kwenye maji. Mhadhiri, ambaye alikuwa kichwa, mabega na rafu ya vitabu, alimrudishia maoni kwamba salamu zinahesabiwa katika idadi ya maneno, na kwamba katika uandishi wa kitaaluma mtu huingia moja kwa moja. Wiki iliyofuata aliingia moja kwa moja. Chini kabisa, baada ya marejeo, akaandika: "Mniwie radhi kwa kutowasalimu."

Kupinga kulimpa taabu zaidi. Kulikuwa na mwanafunzi mmoja, ofisa wa afya, ambaye kila alichoandika kilikuwa sahihi, na Bi Klorini alipangiwa kumjibu. Akampinga kama mwongozo ulivyotaka, kisha akamtumia ujumbe pembeni kumwambia kwamba moyoni hakumpinga. Ofisa wa afya akajibu kwamba hata yeye juzi alimpinga mtu hivyohivyo, na tangu hapo hapati usingizi mzuri.

Yote hayo yalifanyika kwenye meza ya sebuleni, na meza ya sebuleni ilikuwa ya Profesa.

Profesa hakuwa profesa. Alikuwa kaka mkubwa wa mume wa Bi Klorini, mjane, ambaye kwa miaka mingi alikaa nje ya ofisi ya ardhi na mashine ya kupiga chapa, akiwaandikia watu barua: za kuomba kazi, za kuomba kiwanja, za kumwomba mke arudi. Watu wa foleni walimwita Profesa kwa ajili ya miwani yake na kwa kuwa hakuweza kusema jambo bila kutanguliza "kitaalamu". Kitaalamu, mvua itanyesha. Kitaalamu, chai imepoa. Ndiye aliyemlea mdogo wake baba yao alipofariki, akamsomesha ufundi wa majokofu, akaenda kumposea mke. Alipoacha kazi, kwa kuwa foleni yote ilikuwa imehamia kwenye simu, walimchukua wakae naye. Alikuja na mashine yake, redio yake na ubao wa drafti, akaiteka meza.

Shemeji yake alipoanza masomo, Profesa aliisalimisha meza. Alihamishia drafti barazani, na jioni za mihadhara alipunguza sauti ya redio, isipokuwa wakati wa taarifa ya habari. Huo ndio uliokuwa msaada wake, wala haukuwa mdogo kwa mtu wa umri wake. Andiko lenyewe, kuhusu namna klorini inavyopotea ndani ya matangi ya juu ya mapaa, hakulisoma hata mstari mmoja. Aliwahi kuuliza linahusu nini. Alipoambiwa, alisema kitaalamu tangi lifunikwe, akarudi barazani.

Utafiti ulikuwa wake Bi Klorini tangu ngazi ya kwanza hadi ya mwisho, na ngazi nyingine zilikuwa mbovu. Alipanda mapaa ya mji mzima. Alimaliza, akalipitisha andiko lake kwenye mfumo wa chuo wa kukagua wizi wa maandishi, na mfumo haukukuta kosa. Kosa aliliweka mwenyewe, kwa hiari yake, kwenye ukurasa wa shukrani, ambao haukuwa na alama hata moja.

Alikwisha kumshukuru Mungu, mume wake, mkuu wa maabara na wenye mapaa. Alipofika kwa shemeji akakwama. Kumruka haikuwezekana, ungemwambia nini asubuhi? Na huwezi kumchapisha mtu mzima katika andiko la uzamili kwamba anashukuriwa kwa kupunguza redio. Akamuuliza mume wake, ambaye alikuwa sakafuni amelala ubavu akisikiliza jokofu la jirani. Fundi alikuwa mtu wa kusikiliza mashine kwanza kabla ya kuigusa, na watu vivyo hivyo.

"Andika maneno mazuri tu," alisema. "Karatasi haibishi."

Akaandika maneno mazuri. Aliandika kwamba mkono mmoja haulei mwana. Kwamba bila shemeji yake, Profesa, kazi ile isingekuwepo. Na kwamba mkono wa Profesa umo katika kila ukurasa. Alimsomea kwa sauti. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaomba asomewe tena. Kesho yake kinyozi alijua, na muuza magazeti, na wacheza drafti wote. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa hasemi tena andiko la shemeji. Alisema andiko letu.

Taarifa kutoka chuoni ilimkuta Bi Klorini maabara, mikono ndani ya glavu. Ilisema ameripotiwa mbele ya Kamati ya Maadili ya Kitaaluma kwa tuhuma ya kuandikiwa kazi na mtu wa nje, mwenye cheo cha uprofesa, kama alivyokiri mwenyewe kwa maandishi ukurasa wa nne. Mkuu wa maabara aliposomewa alicheka mpaka akakohoa. Halafu aliona uso wa mwenzake, akaacha.

Alimwandikia mhadhiri. Mhadhiri alijibu upesi na kwa upole kwamba anasikitika kuona anapitia kipindi hiki kigumu, na kwamba haruhusiwi kusema neno zaidi. Chini yake paliwekwa namba ya kupiga kwa mwenye msongo wa mawazo. Akaiandikia kamati: yale ni maneno ya heshima tu, Profesa ni jina la utani, shemeji hakuandika hata nukta. Kamati ilimshukuru kwa ufafanuzi, ikauliza swali moja. Je, anakiri kwamba katika andiko la kitaaluma aliingiza taarifa anazojua kuwa si za kweli? Kwani hilo nalo lilikuwa na kifungu chake, na adhabu yake ilikuwa ileile.

Akaisoma barua hiyo mara nyingi. Kama shemeji alisaidia, ana kosa. Kama hakusaidia, ana kosa. Kazini kwake maji yalikuwa ama safi au machafu. Hakuwahi kukutana na chupa iliyokataa yote mawili.

Kamati iliamua kumsikiliza Profesa mwenyewe. Bi Klorini aliona hapo upenyo. Shemeji atasema ukweli, na ukweli ulikuwa mfupi: nilimpisha kwenye meza. Hakuthubutu kumweleza uso kwa uso, akamtuma mume. Fundi alikwenda barazani, akakaa, akatazama drafti hadi mchezo ukaisha, ndipo akaeleza. Kaka, watakuuliza ulisaidia nini. Waambie ulitoa meza tu.

Profesa alipanga kete zake upya, moja moja.

"Meza," alisema. "Mimi seremala?"

Fundi alirudi ndani, akamwambia mke wake kwamba amesema naye. Alipoulizwa kaka amejibu nini, alisema ameelewa. Huenda alitumaini hivyo. Fundi hakuwa mwongo. Alikuwa mtu aliyelelewa na kaka yake.

Siku ya kikao Profesa alivaa koti. Walikaa wawili meza moja, mbele ya kamera moja, kwa sababu kompyuta ilikuwa moja. Redio ilizimwa kabisa, heshima ambayo hata mihadhara haikuwahi kuipata. Mume alisimama nyuma ya mlango, upande ambao kamera haifiki. Kwenye skrini walikuwepo mwenyekiti, mama mwenye sauti ya daktari. Katibu, aliyeandika tangu salamu. Na mwakilishi wa wanafunzi, ambaye kamera yake ilikuwa imefungwa na hakusema neno mpaka mwisho, kwa hiyo hapakuwa na uhakika kama wanafunzi waliwakilishwa.

Mwenyekiti alieleza kwamba lengo la kikao ni kujifunza, si kuadhibu. Akamwomba shahidi ajitambulishe. Profesa alitaja jina lake lote na la baba yake, kisha akasema wengi wanamfahamu kama Profesa. Kazi? Mstaafu. Kabla ya kustaafu?

"Kuwaandikia watu," alisema Profesa.

Katibu aliinua kichwa kwa mara ya kwanza.

Mwenyekiti aliuliza, taratibu, watu gani, na maandishi gani. Profesa alifurahi kuulizwa. Ni muda mrefu hakuna aliyemuuliza. Akaeleza kwamba mtu huja na shida yake, hajui aianzeje. Yeye humsikiliza, huipanga shida ile, huipiga chapa, na mwenyewe hutia saini. Wapo wakubwa serikalini leo ambao barua zao za kwanza alizitunga yeye, na hakuna anayejua, wala yeye hatasema ni akina nani. Mwenyekiti alimhakikishia kwamba halazimiki kuwataja.

Bi Klorini alikuwa anatazama kidirisha chao wenyewe, pembeni mwa skrini, ambamo aliona uso wake na uso wa shemeji yake zimekaribiana kama kwenye picha ya harusi. Chini ya meza aligusa kiatu cha Profesa kwa kiatu chake. Profesa alisogeza mguu ili ampishe.

Ndipo wakafika kwenye andiko. Mchango wake ulikuwa upi?

"Kitaalamu, ile kazi ni yetu," alisema Profesa. "Nilikuwepo tangu mwanzo. Hakuna jioni aliyoandika mimi sipo."

"Uliandika sehemu yoyote kwa mkono wako?"

"Mama, kuandika ni kazi ya mkono. Mimi nilitoa kichwa."

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mbele ya watu wasomi, amevaa koti, na mtu alikuwa ameandika kwamba yumo katika kila ukurasa. Angeanzaje kujitoa? Katibu aliomba kumuuliza swali la kitaaluma, kupima kiwango cha ujuzi wake katika mada. Andiko linazungumzia sana klorini baki. Je, shahidi anaweza kueleza klorini baki ni kitu gani?

Profesa alifikiri. Bi Klorini naye alianza kutumaini kwamba atakosea, kwa kuwa lile lilikuwa neno ambalo wanafunzi wenzake wawili walilikosea kwenye mtihani.

"Ni ile inayobaki," alisema Profesa.

Katibu alitazama karatasi zake. Alisema, kwa haki kabisa, kwamba jibu ni sahihi.

Mwenyekiti akamgeukia mwanafunzi. Alisema anataka kumpa nafasi, kwani kikao hakijafunga milango. Amemsikia shahidi. Je, anayoyasema ni kweli?

Kitasa cha mlango kililia kidogo, kama kitasa ambacho mtu amekiegemea. Bi Klorini alijua jibu; lilikuwa neno moja, la herufi nne, nalo ni siyo. Lakini neno hilo lilipaswa kupita juu ya bega la mzee aliyekwenda kumposa, mbele ya wageni, naye mzee mwenyewe alikuwa amemgeukia, miwani imepanda juu, anasubiri kwa shauku kusikia shemeji yake atamsifu vipi. Neno lilifika kinywani, likasalimu, likarudi.

"Profesa ni mkubwa wetu," alisema.

Katika muhtasari wa kikao, ambao alitumiwa baadaye kwa kumbukumbu, sentensi hiyo imeandikwa hivi: Mwanafunzi alithibitisha cheo cha shahidi.

Andiko lilifutwa. Kwa kuzingatia kwamba mwanafunzi alitoa ushirikiano, hakufukuzwa; atarudia utafiti kwa mada nyingine, na kabla ya hapo atamaliza somo la mtandaoni la uadilifu, ambalo hukamilika kwa tafakuri ya kurasa mbili kuhusu kosa alilotenda. Nakala ya uamuzi, kwa mujibu wa utaratibu, ilipelekwa kwa mwajiri. Profesa alipoulizwa na wacheza drafti kikao kilikwendaje, alisema kilikwenda vizuri, walimuuliza swali gumu akalijibu. Hakuna nyumbani aliyemsahihisha. Ukisema, umemvunjia mzee heshima. Usiposema, unaendelea kupika na kumpakulia.

Kiti cha mkuu wa maabara kilichukuliwa na bwana mmoja kutoka kituo kingine, mwenye shahada iliyokamilika na tabia nzuri. Bi Klorini alimkabidhi ufunguo wa kabati la kemikali, akamwonesha kipimo kinachosoma zaidi kuliko kinavyopaswa na namna ya kukigonga. Bwana yule alimshukuru kwa dhati. Alikuwa amesikia sifa zake, na pia lile jambo jingine, ambalo hakuligusa. Alimwomba amkaimu akienda likizo.

Angeweza kuacha masomo. Lakini uamuzi ule ulikuwa umelala kwenye faili lake ofisini, na mwongozo ulisema wazi kwamba alama ya utovu wa uadilifu haifutwi kwa mwanafunzi aliyejiondoa. Huonekana kama aliyekimbia. Mtu ambaye saini yake huenda chini ya cheti kinachosema maji haya yanafaa kunywewa hawezi kuwa na alama hiyo. Siku moja hospitali ingebishia matokeo yake, na wangefungua faili. Kwa hiyo alirudi mezani, kuandika tafakuri.

Aliandika ukweli. Alieleza heshima, shukrani, jina la utani, na jinsi maneno mazuri yanavyoweza kusomwa vibaya. Ilirudishwa: tafakuri haioneshi majuto. Akaandika kwamba anajuta kuandika ukurasa ule wa shukrani. Ilirudishwa: mwanafunzi bado anajitetea, sharti ataje kosa mahususi na aeleze nini kilimsukuma kulitenda. Akaketi mbele ya skrini nyeupe jioni nyingi. Kujuta alijua. Kujuta kitu ambacho hakukifanya kulimshinda, kama kutapika njaa. Aliandika "Mimi" akafuta. Kulikuwa na tarehe ya mwisho, na pembeni ya ukurasa chuo kiliweka saa inayorudi nyuma.

Mume wake alikuwa anamwona. Alipita sebuleni na bisibisi yake, akatoka, akapita tena. Jumapili moja mchana, Profesa akiwa anatafuta taarifa ya habari kwenye redio, fundi alisimama mbele yake. Hakukaa.

"Kaka," alisema, "umemzika mke wangu."

Akamweleza yote, bila kupandisha sauti, kwa mpangilio, kama anavyomweleza mteja kwa nini jokofu halitapona. Kiti. Faili. Andiko lililofutwa. Profesa hakusema kitaalamu. Alizima redio, na kwa siku kadhaa haikuwashwa tena hata kwa habari, na drafti zilichezwa na watu wengine.

Kisha siku moja alasiri aliingia sebuleni, akavuta kiti, akaketi upande wake wa zamani wa meza.

"Shemeji, wanataka nini hasa hawa watu?"

"Majuto."

"Ya kosa gani?"

"La kuandikiwa kazi."

"Na hukuandikiwa," alisema Profesa.

Lilikuwa ndilo neno lenyewe, zima, lisilopungua kitu, na limetamkwa na shahidi mwenye sifa. Kamera ilikuwa imefungwa. Bi Klorini aliitazama, halafu akautazama uso wa mzee, ambao ulikuwa umesinyaa ghafla kama wa mtu aliyeamshwa, akaona kwamba hata akimwomba alirudie mbele ya kamati, kamati imeshafunga shauri na rufaa hupokea ushahidi mpya tu. Na huu haukuwa mpya, ulikuwepo tangu mwanzo. Akasema, basi yamepita. Alisema hivyo ili mzee apumue.

"Wakisoma, wanasoma wangapi?"

"Mmoja."

"Mwanamke au mwanamume?"

Hakujua. Profesa alitikisa kichwa. Alikuwa hajawahi kumwandikia mtu asiyejua barua yake inakwenda kwa nani. Akamwomba amsomee walichosema kwenye zile tafakuri mbili zilizorudishwa. Alimsomea. Mzee alisikiliza amefumba macho, mikono juu ya magoti, kama alivyowasikiliza watu wa foleni.

"Basi sogea," alisema.

Alisogea. Aliambiwa aende jikoni akanywe maji, akaenda, akayanusa, akanywa. Kutoka kule alisikia vidole viwili vya Profesa vikizipiga herufi za kompyuta kwa nguvu za mashine ya chuma, na kila mwisho wa mstari kimya kidogo, mkono ukitafuta ule wenzo wa mashine ya chapa, wa kurudisha karatasi mwanzo wa mstari, ambao hapa haukuwepo. Fundi naye alikuwa jikoni. Hawakutazamana.

Aliporudi kurasa mbili zilikuwa zimejaa. Zilimhusu mwanamke aliyetamani kiti kuliko haki, akaona aibu kushindwa mbele ya watoto waliozaliwa yeye akiwa kazini, akaupokea mkono asioustahili na kuuita wake. Zilisema kwamba anaponawa sasa, hautambui mkono wake. Alisoma mpaka mwisho. Mahali fulani katikati machozi yalimtoka, kwa huruma ya yule mwanamke, ambaye hakumfahamu.

"Nimeandika kidogo kidogo, uongeze yako," alisema Profesa.

Hakuwa na la kuongeza. Chini ya ukurasa palikuwa na kisanduku kinachosema: Nathibitisha kwamba kazi hii ni yangu mwenyewe. Alibofya.

Majibu yalikuja kabla ya wiki kwisha. Mfumo wa kukagua wizi wa maandishi haukukuta kosa. Msahihishaji aliandika kwamba hatimaye anaisikia sauti halisi ya mwanafunzi, akampa tisini na sita, alama ya juu kuliko zote alizowahi kupata chuoni hapo.